Antivairasi Tatu na Video ya Harusi Yetu

Mpendwa Mama Dorotea, shikamoo.

Kabla sijasema shida yangu naomba kwanza unipongeze, kwa sababu nimeolewa! Leo ni siku ya themanini na tatu, nazihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, na mume wangu Shimba ananicheka, anasema wanaohesabu siku namna hiyo ni wafungwa, nami namjibu basi nimefungwa maisha na sikati rufaa.

Jina langu ni Kemilembe, nina miaka ishirini na sita, nilimaliza kidato cha nne kwetu Muleba, na sasa nashona nguo za kike hapa Mabatini ambako tumepanga vyumba viwili. Shimba ni mwalimu wa jiografia upande wa Sengerema, kila asubuhi anavuka ziwa na kivuko kwenda Kamanga na kila jioni anarudi, na akiwa bado juu ya maji ananipigia simu, "Kemi, naliona jiji," nami hapo hapo nabandika maji ya chai, na sijawahi kukosea, Mama, anaingia mlangoni chai ndiyo kwanza inachemka. Nasema haya ili uelewe kwamba sina ugomvi na mume wangu, sina mama mkwe mkorofi, sina hawara wa kumshuku, yaani nyumba yangu ina raha mpaka majirani wananiuliza nimekula nini. Ila ndani ya raha hiyo nimefanya kosa, na kosa lenyewe liko ndani ya kompyuta.

Kompyuta hiyo ni ya mezani, tulizawadiwa siku ya harusi na walimu wenzake Shimba, yeye anatungia mitihani na mimi naangalizia mishono. Basi pale ukumbini, wakati wa kutoa zawadi, kaka yangu Kashaija aliyetoka Bukoba akapanda na bahasha, akashika kipaza sauti akasema, "Dada, wengine wamewapa sufuria, mimi nimewapa mlinzi," kumbe ndani kuna antivairasi ya mwaka mzima, imelipiwa, vigelegele vikapigwa. Hajakaa vizuri, wifi yangu Rachel, dada yake Shimba, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi kule Usagara, naye akapanda na bahasha yake, naye kaleta antivairasi ya mwaka mzima, kampuni nyingine, na hawakuwa wameambiana! MC akasema nyumba hii haitaingiliwa hata na mbu.

Sasa Mama, wewe unajua zawadi za harusi zilivyo. Tulipata chupa za chai sita, na mimi sijaificha hata moja, zote ziko kabatini na nimekariri ipi ni ya nani, akija shangazi anamiminiwa kutoka chupa yake, akija wifi anamiminiwa kutoka yake, anaiona, anafurahi, anaondoka na moyo mweupe. Kwa hiyo na antivairasi tukafanya hivyo hivyo. Shimba aliziweka zote mbili siku moja, moja baada ya nyingine bila hata kunyanyuka kitini, ili asiwepo wa upande wangu wala wa upande wake atakayesema ya kwao iliwekwa kando. Ya Kashaija ina alama ya kijani, ya Rachel ya bluu, zikakaa pale chini karibu na saa kama bibi harusi na bwana harusi, mimi nikazipiga picha nikawatumia wote wawili kwenye simu.

Kompyuta ikaanza kuwa nzito. Mwanzo ukiiwasha unasubiri dakika saba, baadaye kumi na tano, sasa hivi ni ishirini na tano, mashine inanguruma kama inapanda mlima. Shimba alianza utani, "Hii ni ya shemeji Kashaija, nyie Wahaya hata mlinzi wenu lazima aulize umesoma wapi ndipo akufungulie." Nikamjibu, "Ya dada yako ndiyo inachelewesha, nyie Wasukuma mnasalimiana nusu saa mlangoni, mgeni ananyeshewa!" Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini ndani ya kompyuta hiyo kuna video ya harusi yetu. Mama yangu mzazi hakufika harusini. Aliteleza wiki nne kabla akavunjika mguu, akabaki Muleba, mimi nikafunga ndoa bila mama, na nililia ndani ya shela. Shimba hakuniambia kitu, kumbe wiki tatu nzima mwalimu mwenzake Mhaya alikuwa anamfundisha Kihaya kwenye kivuko, na pale ukumbini akaomba kipaza sauti, akaigeukia kamera, akamsalimia mama yangu kwa Kihaya, akamshukuru kwa kunizaa, akamwomba radhi kwa kunichukua mama akiwa kitandani. Alikosea maneno, Mama Dorotea, alikosea karibu yote, shangazi zangu walicheka mpaka wakashikana mabega, halafu ghafla wote wakawa wanalia. Mpiga video alileta kazi yake kwenye flashi, tukaihamishia kwenye kompyuta, yeye akachukua flashi yake na keshazirekodi harusi za wengine juu yake. Nakala ni hiyo moja tu. Na mama mguu umepona! Anapanda basi tarehe kumi na nne, anakuja kukaa nasi wiki mbili, na ameshaniambia kwenye simu, "Nakuja kumwona huyo mkwe akikosea."

Sasa kosa langu. Majuma mawili yaliyopita mteja aliniletea flashi yenye picha za mshono, nikaichomeka. Baadaye Shimba akiwa bado shuleni nikamkumbuka, nikasema ngoja nimwone kidogo kwenye video, nikafungua folda yetu, nikakuta kila kitu kina kamshale kadogo na hakifunguki. Kijani ikaleta kisanduku cha onyo. Bluu ikaleta chake. Halafu bluu ikasema kijani ndiyo hatari, na kijani ikasema bluu ndiyo hatari! Nikachanganyikiwa, nikawaza kama wawili wameshindwa kuelewana basi aletwe wa tatu asiye wa kwetu wala wa kwao, nikapakua antivairasi nyingine ya bure, nyekundu, kwa bando langu, bila kumwambia Shimba. Ikazunguka saa mbili nzima, ikaandika kwamba imesafisha. Mishale ikatoweka. Nikafungua folda. Tupu. Nyeupe kama karatasi.

Alipopiga simu jioni, "Kemi, naliona jiji," nilibandika chai. Sikusema. Kesho yake sikusema. Alama nyekundu nimeificha isionekane pale chini. Jumapili akaja fundi Projest, jirani yetu, akaitazama kompyuta inavyojivuta, akasema, "Mwalimu, hii dawa yake ni kupiga Windows upya. Nafuta kila kitu, inakuwa kama imetoka dukani. Kuna vitu vya kuokoa?"

Shimba akasema, "Mitihani ninayo shuleni. Ila kuna video ya harusi."

Mama, sijui ni mdomo wa nani ulisema, nikasikia, "Hiyo nimeshaihamishia kwenye flashi, iko kabatini na cheti cha ndoa."

Shimba akanibusu kwenye paji la uso mbele ya fundi, akamwambia, "Unaona, Projest? Oa mwanamke anayefikiri." Projest anarudi Jumamosi hii kufuta. Na kabatini hakuna flashi.

Kuna jambo la pili, hili naona aibu kuliko hata hilo. Zile dakika ishirini na tano za kusubiri kompyuta ndizo tamu kuliko zote kwenye siku yangu. Shimba anaiwasha, anavuta kigoda, namimina chai vikombe viwili, na kwa sababu hawezi kufanya kazi yoyote basi ananisimulia, mwanafunzi aliyeandika kwamba ziwa letu lina chumvi, abiria aliyepanda kivuko na mbuzi watatu, na mimi namsimulia wateja wangu, na siku moja kompyuta ilishafunguka zamani sisi bado tunaongea. Nyumba nyingine tunazozijua mume akirudi anaingia moja kwa moja kwenye kazi zake. Kwa hiyo sehemu ya moyo wangu, nisamehe, haitaki kompyuta ipone. Nadhani ndiyo maana nimekaa kimya siku zote hizi.

Naomba unisaidie. Je, video imekwenda? Nitoe antivairasi ipi bila kuvunja undugu, ya kaka yangu au ya wifi? Na nitamwambiaje mwanaume aliyenibusu kwa sababu ya uongo wangu?

Mimi mwenye furaha na kosa,
Kemilembe, Mabatini.

*

Kemilembe mwanangu, marahaba, na hongera sana. Ningependa kukupongeza kwa ukurasa mzima, lakini gazeti linatoka Jumatano na fundi wako anakuja Jumamosi, kwa hiyo futa machozi tufanye kazi.

Mimi si mtaalamu wa mashine. Barua yako nimemsomea Mwaija, dada anayetunza kompyuta za ofisi yetu. Kwenye chupa za chai alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilipofika kwenye "Projest anarudi Jumamosi" akaacha kucheka. Akasema, "Mama, mwambie huyo mtoto asiruhusu kufuta. Hiyo video huenda bado ipo."

Soma tena sentensi hiyo ukitaka, kisha uendelee.

Mwaija anasema virusi vya mishale anakutana navyo kila wiki kwenye flashi za watu. Kazi yao mara nyingi si kula mafaili, ni kuyaficha na kuweka ya bandia mahali pake, yenye mshale. Nyekundu yako ilifuta yale ya bandia. Yale ya kweli, kama bahati iko upande wako, yamelala humo humo kwenye folda, yamefichwa, ndiyo maana unaiona nyeupe. Kompyuta inaweza kuamriwa ionyeshe vilivyofichwa, ni kazi ya dakika moja. Sasa fikiria: video ipo, na wewe kwa kusema "iko kabatini" umempa fundi ruhusa ya kuiteketeza. Virusi havikuifuta. Antivairasi haikuifuta. Jumamosi ungeifuta wewe, kwa mdomo.

Kwa hiyo leo, kabla hujagusa kitufe chochote, unamwambia Shimba. Usianze na kilio, usianze na Kashaija, usianze na mteja wa flashi. Anza hivi: "Hakuna flashi kabatini. Niliogopa, nikakudanganya." Nyamaza hapo. Mwache akasirike, ana haki, na hasira ya mwanaume aliyejifunza Kihaya juu ya maji wiki tatu kwa ajili ya mama yako haitakuua. Akimaliza, mwonyeshe na ile alama nyekundu uliyoificha. Ungama vyote siku moja, usimpe deni la kesho. Lile busu alilokupa mbele ya fundi si la kurudisha, ila ni la kustahili, na unaanza kulistahili leo.

Kisha mpigieni Projest. Aje, lakini aje kutafuta, asije kufuta. Mwambieni habari ya mishale, atajua pa kuanzia. Video ikionekana, muinakili mara mbili kwenye flashi mpya ambazo hazijapita mikono ya watu. Moja ikae kabatini na cheti cha ndoa, ili ule uongo wako uwe kweli, nyingine mpelekeeni Rachel Usagara aikague na kuicheza kwenye kompyuta yake mpaka mwisho, mpaka Kihaya cha mwisho. Hakuna kinachoondolewa wala kufutwa kwenye mashine yenu kabla Rachel hajapiga simu kusema ameiona yote. Na isipoonekana, msiiongezee mashine kitu chochote. Projest, au mwenzake mwenye uzoefu zaidi, ajaribu kuirudisha kabla kitu kingine hakijaandikwa juu yake.

Sasa hao walinzi wako. Mwanangu, chupa sita za chai zinakaa kabatini bila kuulizana. Antivairasi haikai hivyo. Kila faili unalofungua, kijani inalishika ilikague. Bluu inaona kuna mtu ameshika faili, nayo inalishika. Nyekundu inawashika wote wawili. Kila mmoja amebeba orodha ya alama za virusi, mwenzake anaziona alama hizo anapiga kelele kwamba huyu ndiye mwizi. Kompyuta yenu haijachoka, imeshikwa mikono na watu watatu, na mnapogombana na Shimba kama ni Wahaya au Wasukuma wanaochelewesha, jibu ni wote, kwa sababu wako pamoja. Mashine moja, antivairasi moja inayolinda muda wote. Ya pili haiongezi ulinzi, inaupunguza, na ya tatu ndiyo usiseme. Hata kompyuta yenyewe ilikuja na mlinzi wake, akaondoka kwa heshima alipoona wageni.

Nyekundu iondoke kwanza, haina ndugu wa kununa. Na kuondoa si kufuta ile picha yake pale mbele, unaingia kwenye orodha ya programu, unaiondoa kwa utaratibu wake, unazima na kuwasha kompyuta, ndipo unagusa nyingine. Msiondoe mbili kwa pupa.

Kati ya kijani na bluu, umeniuliza ipi, kana kwamba nitachagua ukoo. Sichagui. Mwulize Shimba kama ana kompyuta nyingine anayoitumia, maana walimu wengi ninaowajua wana mpakato ya zamani inayolala shuleni, inachomekewa flashi za walimu wote na haina mlinzi hata wa dawa. Kama anayo, kijani ya Kashaija ibaki nyumbani alipo dada yake, na bluu ya Rachel ivuke kwenda Kamanga ikamlinde kaka yake. Mwaija anasema antivairasi iliyolipiwa mwaka mara nyingi unaweza kuitoa kwenye mashine moja ukaihamishia nyingine, someni masharti yake. Kama hana, ibaki moja mwaka huu, na mwakani mkilipia, lipieni ya upande wa pili. Na msiwafiche. Wapigieni wote wawili jioni moja, simu moja baada ya nyingine, bila kunyanyuka kitini kama mlivyoziweka. Huyo Rachel anayeshinda na flashi za watu dukani atakuwa wa kwanza kukwambia kwamba mlikosea. Hujamvunjia heshima mtu kwa kuitumia zawadi yake inavyotumika. Na flashi ya mteja ikija tena, ikaguliwe kwanza kabla haijafunguliwa, hata awe mteja anayelipa vizuri namna gani.

Halafu mama yako. Video ikipatikana, tarehe kumi na nne jioni mkalisheni mbele ya kompyuta nyepesi, acheke na kulia kama shangazi zako. Isipopatikana, Kemilembe, acha kuzunguka na kifo moyoni. Mama anakuja na miguu yake yote miwili, na Shimba ana mdomo. Asimame sebuleni, avae hata lile koti la harusi, amwambie tena mbele ya uso wake yale yote aliyoiambia kamera. Akikosea maneno, ndicho mama alichofuata. Tena nakushauri asimame hata kama video imepatikana.

Mwisho, zile dakika ishirini na tano. Hapo ndipo sikukugombeza, umeona? Niliishi na mume miaka thelathini na mbili, na ningelipia antivairasi kumi kuzipata tena. Lakini si kompyuta iliyowapa. Umeniandikia mwenyewe kwamba siku moja ilishafunguka zamani nyinyi bado mnaongea. Mashine ikipona, mwambie Shimba wazi ulichoniambia mimi, kwamba unazipenda, maana mwanaume hawezi kutunza kitu asichojua kuwa anakitoa. Akisema analiona jiji, bandika chai kama kawaida. Akiingia, avute kigoda, na kompyuta ibaki imezimwa mpaka vikombe viishe.

Kuanzia tarehe kumi na nne, weka na kikombe cha tatu, cha mama.

Mama Dorotea